Maswali mnayouliza kila Desemba kuhusu msosi wa Krismasi na mila za mezani

Kila ikifika Desemba maswali ni yaleyale, waulizaji tu ndo wanabadilika, kwa hiyo nimeyaweka yote sehemu moja. Mengine ni ya historia, mengine ya jikoni kabisa, na mengine ni ugomvi wa kifamilia uliovaa nguo ya swali. Sijayapanga kwa umuhimu. Kama ndege wako bado ni jiwe kwenye friza na wageni wanakuja kesho, acha kusoma utangulizi, shuka mpaka swali la kuyeyusha.

Hivi Krismasi bila bata mzinga inakuwa Krismasi kweli?

Inakuwa, tena vizuri tu. Bata mzinga ni mgeni mezani ukilinganisha na umri wa sikukuu yenyewe. Asili yake ni bara la Amerika, wenyeji wa Meksiko walikuwa wanamfuga zamani sana kabla Wahispania hawajafika, akaletwa Ulaya karne ya 16. Kabla ya hapo wenye nacho Ulaya walikuwa wanakula nguruwe mwitu, hata tausi, na watu wa kawaida aliyeweza kupata bata bukini alikuwa ameula. Uingereza ya karne ya 19 familia za wafanyakazi bado walikuwa ni watu wa bukini, na walikuwa na vikundi vya kuchanga hela kidogokidogo mwaka mzima ili ikifika Desemba kila mwanachama apate ndege wake (yani mchezo wa kupeana, ila zamu ya wote inaangukia siku moja).

Sasa bata mzinga alishindaje? Kwa hesabu tu, sio kwa ladha. Kuku anataga, ng'ombe anatoa maziwa, ukiwachinja umepoteza kitu, lakini bata mzinga ni mkubwa, analisha ukoo mzima na hana kazi nyingine ya maana pale nyumbani. Alafu baada ya Vita Kuu ya Pili yakaja mafriza na ufugaji wa kiwandani, bei ikashuka, basi akakaa mezani moja kwa moja. Kwa maoni yangu binafsi nyama yake ni ya kawaida sana, kuku wawili wazuri wanamshinda kila mara, ila naelewa watu wanataka kitu kikubwa cha kubeba kwa mikono miwili kutoka jikoni.

Kwa nini wengine wanakula usiku wa tarehe 24 na wengine mchana wa 25?

Jibu ni mfungo. Hili ukilielewa utaelewa nusu ya vyakula vyote vya Krismasi duniani. Kwenye Ukatoliki wa zamani mkesha wa Krismasi ulikuwa siku ya kujinyima, hakuna nyama, na Majilio yenyewe yote yalikuwa kipindi cha kujizuia. Kwa hiyo kukawa na njia mbili: ama unasubiri ibada ya usiku wa manane iishe ndo unakula nyama, ama unakula mapema jioni ya mkesha lakini chakula kisicho na nyama. Waliofuata njia ya kwanza ndo Wafaransa na kile chakula chao cha usiku mnene, pia Wafilipino na Noche Buena yao, wanatoka kanisani saa sita usiku wanakaa mezani. Waliofuata ya pili ni kina Poland, na ndo maana meza yao ya mkesha ina samaki tupu. Nchi za Kiprotestanti ule mfungo ulikufa mapema, kwa hiyo Waingereza wakabaki na mchana wa tarehe 25.

Ndo maana samaki wanatokea sana mkesha?

Ndo hivyo hivyo. Ureno wanakula cod mkavu wa chumvi anachemshwa na viazi na kabichi na kumwagiwa mafuta ya zeituni, chakula rahisi kabisa ila ukimwambia Mreno abadilishe atakushangaa. Wacheki wanakaanga samaki wa bwawani anaitwa karpi wanakula na saladi ya viazi, na zamani ilikuwa kawaida kumnunua akiwa mzima na kumweka kwenye bafu la kuogea siku kadhaa mpaka siku yenyewe, watoto wanampa jina, alafu kinachofuata unakijua. Wengine wanaweka gamba lake kwenye pochi ili hela isikauke mwaka mzima. Na Waitalia wa Marekani wana ile karamu yao ya samaki wa aina saba mkesha, ambayo kwa ukubwa ule imekuwa maarufu zaidi kule Marekani kuliko Italia kwenyewe.

Ukiangalia sasa, ilianza kama kujinyima ikaishia kuwa karamu. Hakuna mfungo mtamu kama wa mtu anayejua kupika samaki.

Nimesikia Wapolandi wanapika vyakula 12, inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu sio sahani kumi na mbili kubwa. Wigilia, yani chakula chao cha mkesha, ni hivi: hakuna kukaa mezani mpaka nyota ya kwanza ionekane angani, na kazi ya kuichungulia dirishani wanapewa watoto (akili sana, manake inawatoa jikoni). Chini ya kitambaa cha meza kunawekwa nyasi kavu kukumbuka hori. Kabla ya kula mnamegeana opłatek, mkate mwembamba kama wa ekaristi, kila mtu anamega wa mwenzake na kumtakia heri, na hapo ndo ndugu waliokasirikiana wanalazimika kuongea. Alafu inakuja supu ya bitiruti, vitumbua vidogo vya unga vilivyojazwa uyoga na kabichi, heringi, karpi, matunda makavu yaliyochemshwa, vitu vya mbegu za popi na asali. Kumi na mbili wanasema ni kwa ajili ya mitume. Unaonja kila kimoja.

Na kuna sahani moja ya ziada na kiti kitupu kwa mgeni asiyetarajiwa. Mila hii kwangu ndo namba moja ya zote, na haigharimu chochote, ni sahani tu. Ukiwa unatafuta kitu kimoja cha kuiga, iga hiki.

Wanaosherehekea tarehe 7 Januari wamechelewa au?

Hawajachelewa, kalenda tu. Makanisa kadhaa ya Kiorthodoksi bado yanafuata kalenda ya Julius, ambayo saivi iko nyuma kwa siku 13, kwa hiyo Desemba 25 yao inaangukia Januari 7 ya kwetu. Waserbia na Warusi wako hapo. Ukraine walihamisha rasmi sikukuu kwenda Desemba 25 mwaka 2023, ila kutia, ule uji wa ngano na asali na mbegu za popi, haukuhama, umebaki mezani kama ulivyo.

Wahabeshi nao, yani Waethiopia na Waeritrea wa kanisa la Orthodoksi, wana Genna, yani Krismasi yao. Hawa wanafunga siku 43 kabla, bila nyama, bila maziwa, bila mayai. Fikiria sasa hiyo asubuhi ya kufungulia. Doro wat, mchuzi wa kuku wa vitunguu vingi vilivyokaangwa taratibu mpaka vikalainika vikaisha kabisa, berbere (viungo vyao vya pilipili), siagi ya viungo, mayai ya kuchemsha ndani, juu ya injera, ule mkate wao mpana laini. Kimila kuku anakatwa vipande 12, na kumkata vizuri ni kipimo cha mpishi. Wakopti, yani Wakristo wa Misri, nao wanafunga siku hizohizo 43 na wanafungulia kwa fattah, mkate, wali, mchuzi na nyama. Ukila nyama kila siku mwaka mzima hutokaa ujue hiyo sahani ina maana gani kwao.

Eti Wajapani Krismasi wanakula kuku wa KFC, kweli hiyo?

Kweli kabisa. Wakristo Japani ni wachache sana, na Krismasi sio hata siku ya mapumziko kitaifa, kwa hiyo hapakuwa na chakula cha asili cha kushindana nacho. KFC wakaanzisha kampeni ya nchi nzima mwaka 1974 na ikakaa. Watu wanaweka oda wiki kadhaa kabla, na siku yenyewe foleni ni ndefu. Kitu kitamu chao ni keki nyeupe ya krimu na stroberi. Kuna watu wanacheka wakisikia, mimi sioni cha kucheka, mila nyingi zilianza na mtu aliyekuwa anauza kitu.

Kwa nini keki za Krismasi ni nzito hivyo na zinatengenezwa wiki nyingi kabla?

Kwa sababu zilikuwa ni njia ya kuhifadhi utajiri. Zabibu kavu, maganda ya machungwa, mdalasini, karafuu, kungumanga, sukari, hivi vyote Ulaya vilikuwa vinatoka mbali na ni ghali, unavikusanya mwaka mzima unavitumia siku moja. Sukari nyingi na pombe vinafanya isiharibike, na ikikaa ladha zinaingiliana. Pudini ya Krismasi ya Waingereza kimila inakorogwa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kila mtu wa nyumbani anashika mwiko anakoroga kutoka mashariki kwenda magharibi kwa ajili ya mamajusi, anaomba jambo lake kimoyomoyo. Alafu inachemshwa kwa mvuke masaa na masaa, inafichwa kabatini, siku ya siku inapashwa tena, inamwagiwa brandi na kuwashwa moto taa zikiwa zimezimwa.

Karibiani wana keki nyeusi, matunda yake yanalowekwa kwenye ramu na mvinyo mwekundu miezi, wengine wana chupa ambayo haijawahi kuisha, wanaongeza tu kila mwaka.

Na Wajerumani wana Stollen ya Dresden, yenye kisa chake kizuri. Zamani Majilio ilikuwa mfungo na siagi ilikatazwa, kwa hiyo mkate ulikuwa wa mafuta na maji, mkavu, hauna raha. Watawala wa Saxony, jimbo ulipo mji wa Dresden, wakaomba ruhusa Roma, wakaomba tena, mpaka mwaka 1491 Papa Innocent VIII akatoa barua ya kuruhusu siagi, kwa masharti ya kulipa mchango wa kanisa. Yani watu waliandikiana na Papa kuhusu siagi. Ndo maana nasema mfungo uko nyuma ya kila kitu hapa.

Panettone ya Milano yenyewe ni kesi tofauti, ni mkate wa hamira mwepesi, ukitoka kwenye oveni unaning'inizwa kichwa chini mpaka upoe, la sivyo unajikalia unabonyea. Usijaribu kuutengeneza mara yako ya kwanza tarehe 24. Nunua.

Kuna mila ya kuficha kitu kwenye chakula, inaendaje?

Zipo nyingi. Wadenmark wanatengeneza uji wa mchele wa baridi na krimu na lozi zilizokatwakatwa, risalamande, na ndani wanaficha lozi moja nzima. Anayeipata anapewa zawadi, lakini raha ni kwamba akiipata anaificha shavuni asiseme, ili wengine waendelee kula mpaka bakuli liishe. Watoto wanashiba mpaka wanaumwa. Waserbia wanaweka sarafu kwenye mkate wa česnica, unamegwa kwa mikono, atakayeikuta ana mwaka wa bahati. Waingereza nao walikuwa wanaweka sarafu ya fedha kwenye pudini.

Tahadhari: lozi inatafunika, sarafu haitafuniki. Kama kuna watoto wadogo au bibi mwenye meno ya bandia, tumia lozi, au ingiza sarafu chini ya kipande baada ya kukata na uwaambie watu mapema.

Krismasi ikiangukia kipindi cha joto kali, unapika nini?

Waulize Waaustralia, kwao Desemba ni kiangazi. Wamebaki na nyama ya nguruwe ya kuoka ila inaliwa baridi, kamba wengi kwenye barafu, nyama za kuchoma nje, saladi, na pavlova, ute wa mayai uliopigwa na sukari ukaokwa mpaka nje ukakauka ndani ukabaki laini, juu krimu na matunda. (Australia na New Zealand bado wanagombana nani aliianzisha, mimi siingii hapo.) Ninachotaka uone ni kwamba kuwasha oveni masaa manne wakati nyumba nzima inatoka jasho ni kuiga kitu ambacho waliokianzisha walikifanya kwa sababu walikuwa wanaganda. Oka usiku, kula baridi mchana, umemaliza.

Ndege yuko kwenye friza, niyeyusheje na lini?

Haya. Njia salama ni kwenye friji, masaa 24 kwa kila kilo 2 hadi 2 na nusu. Maana yake ndege wa kilo 6 anahitaji siku tatu karibu, kwa hiyo anatoka friza tarehe 22 sio 24. Weka kwenye trei pana, rafu ya chini kabisa, manake yale maji yanayodondoka yasiguse saladi.

Umechelewa? Maji ya baridi, akiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, unabadilisha maji kila nusu saa, hesabu dakika 30 kwa kila nusu kilo. Huyo wa kilo 6 ni masaa sita hivi, na akishayeyuka anapikwa hapohapo, sio anasubiri. Usimwache mezani usiku kucha, nje inakuwa laini na vijidudu vinazaliana wakati katikati bado ni barafu. Na maji ya moto hapana.

Tena usimuoshe. Najua, najua, tumekua tukiosha kuku. Ukiosha maji yanarukia sinki, vyombo, mpaka mboga, na vijidudu vinavyokufa ni vile vya kwenye moto tu.

Kidari kinakuwa kikavu kila mwaka, tatizo nini?

Umepika kupita kiasi, hamna siri nyingine. Kidari na paja haviivi pamoja na wewe unasubiri paja, kidari kinalipa gharama. Nunua kipimajoto cha nyama, sio kitu cha mapishi ya hotelini, ni kitu kidogo na kinamaliza ubishi wote. Unachoma sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa na sehemu nene ya kidari, ikisoma 74°C yuko tayari, toa. Ndege wa kilo 5 kwenye oveni ya 165°C bila kujazwa kitu tumboni anachukua kama masaa matatu, ila masaa ni makadirio, kipimajoto ndo ukweli.

Mengine yanayosaidia: paka chumvi siku moja au mbili kabla, juu na chini ya ngozi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo 2 na nusu, mwache kwenye friji bila kufunikwa. Chumvi inaingia ndani nyama inashika maji, na ngozi inakauka ikiokwa inakuwa ya kukwaruza. Kidari kikianza kuwa cheusi mapema kifunike foili. Akitoka muache atulie dakika 20 hadi 30 kabla ya kukata, la sivyo mchuzi wote unabaki kwenye ubao, na huo muda ndo wa kutumia oveni kwa viazi.

Na vile vya kujaza ndani, mikate na viungo, vipike kwenye trei pembeni. Ukivijaza tumboni inabidi navyo vifike 74°C, vikifika ndege ameshakuwa mbao.

Watu wangapi, nyama kiasi gani?

Ndege mzima mwenye mifupa, nusu kilo mpaka gramu 700 kwa mtu mzima. Nyama isiyo na mfupa, robo kilo inatosha ukiwa na vyakula vingine, na vitakuwepo vingine, tusidanganyane. Kosa ambalo naliona ni kuongeza aina za vyakula badala ya kiasi. Vitu vitano vizuri vinashinda kumi na mbili vilivyopoa, isipokuwa wewe ni Mpolandi.

Nini naweza kufanya mapema?

Karibu kila kitu zaidi ya nyama ya kuoka na mboga za majani. Keki za matunda wiki kadhaa kabla. Biskuti za tangawizi wiki moja kabla, kwenye kopo lililofungwa. Mchuzi mzito tengeneza na mabawa ya kuku mapema, gandisha, siku yenyewe unaongezea tu yale mafuta ya trei. Supu na sosi za kupashwa, siku mbili kabla. Maandazi ya hamira unaumua usiku kwenye friji.

Alafu andika kwenye karatasi saa ngapi kipi kinaingia kwenye oveni, anza kuhesabu kutoka saa ya kula kurudi nyuma. Watu wengi hawashindwi kupika, wanashindwa foleni ya oveni.

Kila mwaka napika peke yangu, nawashirikishaje bila kugombana?

Hapa nina maneno mengi. Angalia mila zilizodumu, nyingi ni chakula ambacho mtu mmoja hawezi kukitengeneza akakimaliza. Hallacas za Venezuela, unga wa mahindi uliojazwa nyama na zeituni na zabibu, zinafungwa kwenye majani ya mgomba na kuchemshwa, na ukoo mzima unakaa mstari, huyu anasafisha majani, huyu anatandaza unga, huyu anaweka nyama, huyu anafunga kamba, na anayefunga kamba vibaya anasemwa mpaka Pasaka. Tamales za Meksiko vilevile. Iceland wana laufabrauð, mikate myembamba mviringo, familia inakaa inachonga michoro kwa kisu kabla ya kukaanga, kila mtu wake. Ile ya kukoroga pudini nayo ni hivyohivyo.

Sasa wewe umechagua menyu ambayo kazi yake haigawanyiki, ndege mmoja, oveni moja, mtu mmoja anatoka jasho, wengine wako sebuleni wanauliza bado? Badilisha angalau kitu kimoja kiwe cha mikono mingi, kitu cha kukunja, kufunga, kubandika, kifanyike siku moja kabla huku watu wanapiga stori. Usiombe "msaada", toa kazi yenye jina. "Shemeji wewe ni mtu wa mchuzi." Kwenye grupu la familia usiandike "kila mtu alete kitu", utapata soda nane na hakuna wali, andika jina na sahani.

Na watoto wape kazi ya kweli, sio ya kuwazuga. Kupanga meza, kuandika majina ya viti, kukata biskuti. Ile ya kusubiri nyota pia.

Nimeolewa, mama mkwe ana menyu yake na mama yangu ana yake, nifuate ipi?

Zote mbili haziwezi kukaa siku moja, mtachoka na kila upande utaona umeonewa. Gawa siku, mkesha upande mmoja, tarehe 25 mwingine, mwakani mnabadilishana. Au chukua sahani moja tu ya kila upande, ile ambayo ikikosekana mtu ataulizia, mingine acha. Muulize mama mkwe akufundishe hiyo moja, akiwa jikoni kwake, na uandike vipimo wakati anamimina manake yeye atakwambia "kiasi". Chukua hata video ya mikono yake. Resipi nyingi za familia zinapotea kwa sababu hakuna aliyeuliza wakati mwenyewe anazo kichwani.

Na ukibadilisha kitu kwenye sahani yake usimwambie mezani mbele ya watu kwamba umeboresha. Utakuja kunishukuru.

Mgeni hali nyama, au hanywi pombe, au ana aleji. Nifanyeje?

Uliza mapema, ukimwalika hapohapo. Asiyekula nyama mpe chakula cha maana sio mboga za pembeni tu, na ujue kwamba zile meza za mfungo nilizosema juu ni hazina, Waethiopia wana siku 43 za mapishi yasiyo na nyama wala maziwa na hakuna anayewahurumia.

Aleji ya karanga au lozi ni jambo zito, keki za Krismasi zimejaa lozi, kwa hiyo tenganisha vijiko na uwe na kitindamlo kimoja kisicho nazo kabisa.

Pombe: watu wanasema ikipikwa inaisha yote, sio kweli. Ukimwagia brandi na kuwasha moto inabaki kama asilimia 75 ya pombe. Ikichemka taratibu nusu saa inabaki kama 35, masaa mawili na nusu kama 5. Kwa hiyo asiyetumia kwa sababu ya dini au afya, au mtoto, mtengenezee yake kwa juisi ya machungwa. Usimwambie "haionekani hata".

Kinywaji gani kinaendana, ambacho hata watoto watakunywa?

Rozela na tangawizi, ile nyekundu ya Karibiani, Wajamaika hawana Krismasi bila hiyo. Unachemsha maua makavu na tangawizi iliyopondwa na karafuu, unaacha usiku kucha, unachuja, unatia sukari. Ramu ni ya hiari. Ponche ya Meksiko nayo nzuri, matunda yanachemshwa na mdalasini na sukari guru, inanyweka moto. Peru usiku wa mkesha wanakunywa chokoleti ya moto na panetón, na huko ni mwanzo wa kiangazi, wala hawajali.

Ni kweli kuna wakati Krismasi ilipigwa marufuku?

Kweli. Uingereza mwaka 1647 bunge la Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, lilifuta sikukuu yenyewe, na kule Amerika, Massachusetts, kuanzia 1659 hadi 1681 ukikutwa unasherehekea unapigwa faini ya shilingi tano. Hoja yao ilikuwa ni ulafi na ulevi na kwamba haimo kwenye Biblia. Watu wakaendelea kula kimyakimya.

Tuko wawili tu mwaka huu, kuna haja ya kupika yote hayo?

Hamna. Kuku mdogo, au mapaja ya bata, kitu kimoja mnachokipenda, kitu kitamu kimoja. Wajerumani wengi mkesha wanakula soseji na saladi ya viazi, yani basi, na wako watu wengi nyumbani. Ila tandika meza, usilie kwenye sufuria.

Viporo vinakaa muda gani?

Chakula kisikae nje zaidi ya masaa mawili. Hili ndo linalosumbua sikukuu manake watu wanakula, wanalala, wanarudi kuonja jioni. Kata nyama uitoe kwenye mifupa, weka kwenye vyombo vifupi vipana ipoe haraka, friji. Siku tatu hadi nne, zaidi ya hapo gandisha. Ukipasha ipate moto kabisa mpaka katikati, mara moja, sio unapasha unarudisha unapasha. Wali uwe mkali nao zaidi, una kijidudu ambacho sumu yake haifi hata ukipasha, kwa hiyo uingie friji mapema. Mifupa chemsha supu siku hiyohiyo.

Mezani Krismasi inaisha lini hasa?

Kwa wengi Januari 6, Epifania. Wafaransa wanakula galette des rois, keki ya lozi yenye kisanamu ndani, na mtoto mdogo kuliko wote anakaa chini ya meza anataja kipande hiki ni cha nani ili pasiwe na upendeleo. Anayekuta anavaa taji la karatasi. Meksiko wana mkate wa mviringo, rosca de reyes, wenye kitoto cha plastiki ndani, ila huko ukikikuta hupewi taji, unapewa deni, unatakiwa uwalishe wote tamales Februari 2. Kwa hiyo utaona watu wanakata vipande vyembamba kwa wasiwasi, na kila mwaka kuna mjomba anayeshukiwa kukimeza.